Peeler, bobby, copper au Old Bill? Kuchagua jina la polisi wa Kiingereza wa zamani

Ukianza kuandika hadithi ya London ya zamani, au kutafsiri riwaya ya upelelezi kutoka Kiingereza, hazipiti kurasa nyingi kabla askari polisi hajatokea. Naye huja na msururu wa majina ya mitaani: peeler, bobby, copper, crusher, slop, rozzer, Old Bill na mengine. Kamusi nyingi huyafungia yote katika mstari mmoja, "polisi, lugha ya mitaani", basi. Matokeo yake ni hadithi ambamo mama mwenye nyumba anaongea kama mwizi, na mwizi wa mwaka 1850 anaongea kama mhuni wa mwaka 1970. Msomaji anayekijua Kiingereza hulinusa kosa hilo mara moja, na asiyekijua huibiwa ladha bila kujua.

Ninavyoona mimi, tarehe ni muhimu, na nitazitaja, lakini kinachoamua zaidi ni msemaji amesimama upande gani wa rungu. Yuko anayelindwa na askari, yuko anayefukuzwa naye, na yuko aliye askari mwenyewe. Majina haya yalizaliwa katika pande hizo, na mengi hayakuhama.

Peeler na bobby

Yote mawili yanatoka kwa mtu mmoja, Robert Peel, Waziri wa Mambo ya Ndani aliyepitisha sheria ya mwaka 1829 iliyoanzisha polisi wa London. Askari wake wa kwanza waliingia mitaani tarehe 29 Septemba mwaka huo. Peeler limetoka kwenye jina lake la ukoo; bobby ni Robert aliyefupishwa kama anavyofupishwa mtoto nyumbani. Kwa sababu hiyo wengi huyachukua kama pacha, hili likikosekana weka lile. Wanakosea.

Peeler ndilo kongwe, tena asili yake ni Ireland. Peel alikuwa Katibu Mkuu wa utawala wa Uingereza huko kuanzia 1812 hadi 1818, na mwaka 1814 aliunda kikosi cha kulinda amani kilichopelekwa kwenye wilaya zenye ghasia, gharama zake zikibebwa na wakazi wa wilaya hizo hizo. Waairishi wakakipa kikosi jina la bwana wake, na hawakuwa wakimsifu. Neno lilipovuka bahari mwaka 1829 lilikuta London watu walioogopa kwamba serikali inawaletea jeshi la buluu na majasusi wa mtindo wa Ufaransa, likakaa hapo vizuri kabisa.

Uzito wake unaonekana katika tukio la Cold Bath Fields, London, tarehe 13 Mei 1833. Polisi walivunja mkutano wa wafanyakazi waliokuwa wakidai haki ya kupiga kura, na katika vurugu askari mmoja, Robert Culley, akachomwa kisu na kufa. Jopo la raia lililokaa kuchunguza kifo chake likaamua kuwa ni mauaji ya halali. Hebu litafakari hilo: askari ameuawa kazini, raia wa kawaida wameapishwa, wamesikiliza ushahidi, kisha wanasema aliyemuua alikuwa na haki. Wanajopo wakashangiliwa kama mashujaa, na serikali ikalazimika kwenda mahakama ya juu ili uamuzi ufutwe. Watu wa mji huo ndio waliosema peeler. Kama hadithi yako ni ya miaka ya 1830 na msemaji ni fundi viatu au mfumaji anayetoka mkutanoni, tumia peeler, na usiupunguze uchungu uliomo.

Bobby huonekana katika maandishi kuanzia miaka ya 1840, wakati watu wenye nyumba na maduka wamekwisha kumzoea yule mwanamume mwenye koti la buluu anayepita usiku akijaribu vitasa vya milango yao. Ni neno la mwenye duka, la yaya, la mpishi anayempa kipande cha pai kupitia dirisha la jikoni. Mpishi na askari wake walikuwa mzaha mkubwa wa magazeti ya vichekesho ya enzi hizo. Lina upole, na ndani ya upole huo mna dharau kidogo, kwa kuwa mtu humwita bobby askari asiyemwogopa. Mwizi anaweza kulitamka, ndiyo, lakini likitoka kinywani mwa mtu aliyekabwa ukutani linailegeza picha yote. Mimi ningelihifadhi kwa watu wanaolala usingizi kwa sababu askari yuko nje.

Leo hii bobby bado lina kazi. Mwanasiasa wa Uingereza akitaka kuahidi askari zaidi wa doria ya miguu husema "bobbies on the beat", maana neno lenyewe lina harufu ya enzi za amani ambazo kila mpiga kura anadhani aliwahi kuziona. Peeler limezimika England, ila Ireland ya Kaskazini lingali hai kabisa. Watu wa Belfast hulitumia kila siku. Kwa hiyo hadithi ya Belfast ya mwaka 1980 au ya sasa inalitaka peeler, na bobby hapo litasikika kama neno la mgeni.

Copper, cop na rozzer

Kama unataka neno moja litakalokusaidia kuanzia katikati ya karne ya 19 hadi leo, chukua copper. Ndilo ninalolipenda kuliko yote, na nitaeleza kwa nini.

Maandishi ya kwanza yanayolitaja ni ya mwaka 1846. Limeundwa kutokana na kitenzi cha mitaani, cop, yaani kukamata, kilichokuwa kikitumika tangu mwanzoni mwa karne ya 18. Copper basi ni mkamataji. Utakutana na watu watakaokuapia kwamba asili ni vifungo vya shaba vya sare, au kwamba cop ni herufi za kwanza za "constable on patrol". Usiviingize visa hivyo katika tanbihi zako. Kitenzi kilikuwapo zaidi ya miaka mia moja kabla ya sare ya Peel, na desturi ya kuunda maneno kwa herufi za kwanza ilikuja kushamiri karne ya 20. Kitenzi hicho hicho kimo katika "it's a fair cop", anachosema mwizi wa Kiingereza akishikwa na ushahidi mkononi: hapa umenipata kihalali, sina ubishi.

Sababu ya kulipenda ni kwamba copper lilivuka upande. Lilianza kwa wezi, likapokewa na wafanyakazi wa kawaida, na mwishowe polisi wenyewe wakajiita hivyo. Askari mstaafu husema kwa fahari kwamba alikuwa copper maisha yake yote, na kumwita mwenzake "a good copper" ni kumvika nishani. Kwa hiyo mwandishi akiliweka neno hili katika mazungumzo, halimfanyii kazi yote. Sauti ya msemaji ndiyo itakayoonyesha kama ni tusi au heshima. Hata polisi wanawake limewakubali. Uingereza ilipata mwanamke wa kwanza mwenye mamlaka kamili ya kukamata mwaka 1915, Edith Smith wa Grantham, na hadi leo mwanamke polisi anaweza kujiita copper bila neno kupindika. Bobby linamkaa vibaya, kwa sababu ndani yake bado kuna Robert.

Cop, fupi lake, lina matatizo. Lilikuwapo katika maandishi tangu 1859 hivi, lakini filamu za Marekani zililitangaza duniani kote kiasi kwamba msomaji wa leo akiliona huona New York. Kwa London ya kabla ya Vita Kuu ya Pili, andika copper.

Rozzer liliibuka mwishoni mwa karne ya 19, na wanaisimu hawajakubaliana juu ya asili yake. Lilianza kwa wahuni, kisha vijana matajiri wasio na kazi katika hadithi za kuchekesha za miaka ya 1920 na 1930, wale wanaoiba kofia za askari usiku wa sherehe, wakalimiliki. Tangu hapo ni neno la kichekesho. Kama katika sura yako kuna maiti, liache.

Majina ya wachuuzi: crusher na slop

Hapa ndipo waandishi wengi hupita haraka, na ndipo penye utajiri mkubwa kwa anayeandika kuhusu maskini wa London ya Malkia Victoria.

Mwandishi wa habari Henry Mayhew alikaa na wachuuzi wa mikokoteni wa London mnamo mwaka 1850 na kunakili walivyoongea. Wachuuzi hawa waliuza samaki, matunda na mboga barabarani, na adui yao wa kila siku alikuwa askari, ambaye kazi yake mojawapo ilikuwa kuwaambia wasogee, wasisimame, wasizuie njia. Anayemjua machinga na mgambo wa jiji ameshaelewa. Mayhew anaeleza kwamba kumpiga polisi kulihesabiwa miongoni mwao kuwa tendo la ushujaa kuliko yote, hata kama lilimpeleka mtu gerezani.

Wao walimwita askari crusher, mpondaji. Ni neno zito, na linafaa miaka ya 1830 hadi 1860 hivi. Lakini lililo bora ni la pili. Wachuuzi walikuwa na lugha yao ya siri iliyogeuza maneno nyuma mbele, herufi ya mwisho ikitangulia, karibu na kinyume cha Waswahili kinachopeleka silabi ya mwisho mwanzoni, nyumba ikawa mbanyu. Police ikigeuzwa ikawa esclop katika maandishi, na ikatamkwa slop tu. Mchuuzi aliyemwona askari anakuja hakupiga kelele "polisi!", alimwambia mwenzake "cool the esclop", maana yake tazama polisi hao, na mkokoteni ukaondoka kabla askari hajafika pembeni. Cool hapo ni look iliyogeuzwa.

Kati ya hayo mawili, crusher ni la kumsema askari akiwa hayupo, na slop ni la kuonyana akiwa anasikia. Tofauti hiyo ni ndogo mno kwa kamusi, lakini ni kubwa kwa tukio la hadithi. Slop lilidumu, likitumika hadi mwisho wa karne hiyo na zaidi; crusher lilichoka mapema.

Majina yaliyotokana na rangi

Peel na makamishna wake wa kwanza, Charles Rowan na Richard Mayne, waliwavika askari buluu kwa makusudi ili wasifanane na wanajeshi, ambao walivaa nyekundu. Koti lilikuwa refu lenye mikia nyuma, kofia ndefu kama bomba, na shingoni ukosi mgumu wa ngozi wa kumkinga askari asipigwe kabali. Silaha ilikuwa rungu fupi. Filimbi haikuwapo bado; aliyehitaji msaada alizungusha kifaa cha mbao kilichokereza kwa kelele. Kwa hiyo, kwa hadithi ya kabla ya miaka ya 1880, usimpe askari filimbi, hata ukiwa umechagua jina sahihi.

Buluu hiyo ilizaa matusi mawili. La kwanza ni raw lobster, kamba koche mbichi. Mwanajeshi kwa nyekundu yake alikuwa akiitwa lobster siku nyingi, na kamba koche wa bahari za Ulaya akiwa mbichi ni wa buluu nyeusi, huwa mwekundu akichemshwa. Watu waliosema hivyo walimaanisha kwamba askari wa Peel ni mwanajeshi yule yule, tofauti yake hajapitishwa kwenye maji ya moto tu. Ni tusi la kisiasa lenye akili, na ningelitumia kwa miaka michache baada ya 1829. Zaidi ya hapo linahitaji maelezo mengi kuliko raha linayoleta.

La pili ni bluebottle, yule nzi mkubwa wa buluu anayefuata uchafu. Lilisambaa karne ya 19, ingawa Shakespeare alikuwa ameshalitumia muda mrefu kabla, akimweka kahaba wa London amtukane afisa wa sheria aliyevaa koti la buluu. Ni zuri kwa mhusika mwenye ulimi mkali.

Kabla ya Peel, na mtego wa pig

Ukirudi nyuma ya 1829, majina yote ya Peel yanaanguka. Walinzi wazee wa usiku waliitwa charlies, na mchezo wa vijana wa kitajiri ulikuwa kupindua vibanda vyao wakiwa wamesinzia ndani. Waliokamata wezi kweli walikuwa maafisa wa mahakama ya Bow Street, kikosi kilichoanzishwa na hakimu na mwandishi Henry Fielding mwaka 1749. Walijulikana kama runners, jina ambalo wenyewe hawakulipenda. Doria yao ya farasi ilivaa vizibao vyekundu kuanzia 1805, wakabatizwa Robin Redbreast, jina la ndege mdogo mwenye kifua chekundu.

Na pig? Karibu kila mtu hudhani ni tusi la Marekani la miaka ya 1960. Kumbe kamusi ya lugha ya wezi iliyochapishwa London mwaka 1811 inalo, kwa maana ya afisa wa polisi, pamoja na mfano wa mtu anayeambiwa amwangushe chini nguruwe huyo kisha akimbie. Hapo mwandishi anabanwa: neno ni sahihi kwa mwaka 1811, lakini msomaji ataapa kuwa umekosea. Ushauri wangu ni kuliacha, isipokuwa kama sura yako ina nafasi ya kuizungushia lugha nyingine ya wakati ule hadi msomaji akuamini.

Baada ya vita

Kwa London ya miaka ya 1950 na kuendelea, Old Bill ndilo jina. Maelezo ya asili yake ni mengi, na linalosimuliwa zaidi linamhusisha askari mzee wa katuni za Bruce Bairnsfather za Vita Kuu ya Kwanza, mwenye masharubu manene kama waliyofuga polisi wengi. Hakuna maelezo yaliyoshinda mengine. Muhimu kwa anayechagua ni hili: ni la London na kusini-mashariki, hutaja polisi kwa jumla kuliko askari mmoja, na halina chuki nyingi. Dereva wa teksi hulisema, mwizi mdogo hulisema, na polisi wenyewe hulisema. Mchezo wa televisheni uitwao The Bill, ulioonyeshwa kuanzia 1984 hadi 2010, ulilieneza nchi nzima, kwa hiyo mtu wa Leeds akilitumia mwaka 1995 inaaminika, lakini mwaka 1960 ni shida.

Mahali penye chuki weka the filth, uchafu, la miaka ya 1960 na baadaye. Hilo ni tusi moja kwa moja. The fuzz lilitoka Marekani, likapendwa na vijana wa enzi ya muziki wa roki, na leo linaonyesha umri wa msemaji kuliko msimamo wake. Plod lilitokana na askari wa hadithi za watoto za Enid Blyton, Bwana Plod, aliyeanza kuonekana 1949. Kabla ya mwaka huo halipo, na baada yake ni dhihaka kwa askari mzito wa akili.

Nje ya London, pima upya. Liverpool ina bizzies, na zamani ilikuwa na scuffer. Glasgow husema polis, mkazo ukiwa mwanzoni, neno ambalo sikio la Mswahili halihitaji msaada kulielewa.

Kwa anayetafsiri kwa Kiswahili

Askari linabeba bobby bila shida. Mpelelezi asiyevaa sare, ambaye Waingereza wa enzi za Victoria walimfupisha tec, tunaye tayari: askari kanzu. Kwa copper kuna kishawishi cha kuweka karao au njagu. Ninakielewa, kwa sababu hisia inalingana, lakini karao linakuja na mitaa ya Nairobi na njagu linakuja na Dar es Salaam, na msomaji atasahau yuko London. Ningeacha copper katika mazungumzo na kutumia askari au polisi katika masimulizi.

Peeler linastahili uangalifu wa pekee kwetu. Polisi wa kikoloni wa Kenya na Tanganyika, kwa maoni ya wanahistoria wengi, walifuata zaidi mfano wa Ireland, askari wa kambini mwenye bunduki anayeitumikia serikali ya mbali, kuliko mfano wa London wa askari wa mtaa mwenye rungu. Babu zetu walikutana na peeler. Bobby walimsoma vitabuni. Kwa hiyo "watu wa Peel" au "vijana wa Peel" yatamfikia msomaji wa Kiswahili kwa nguvu ile ile yaliyokuwa nayo kwa mkulima wa Ireland, na sioni haja ya kulainisha.

Na jambo la mwisho la kuangalia kabla ya kupeleka mswada: majina haya karibu yote ni ya mgongoni. Usoni, Mwingereza wa karne ya 19 na ya 20 alisema constable kwa askari wa sare, sergeant kwa aliyemzidi cheo, na katika London ya karne ya 20 mpelelezi wa cheo cha juu aliitwa guv na wadogo zake. Mchuuzi yule aliyemnong'oneza mwenzake slop, askari akishamfikia na kumshika mkokoteni, atasema constable na kuvua kofia. Hapo Kiswahili hakina haja ya kutafuta: andika afande.